Trei ya Siku ya Tatu

Jumapili asubuhi Mama Ronald aliingia sebuleni na trei, na Tabitha akajua kwamba hatakiwi.

Ilikuwa trei nzuri, tusimnyime mtu haki yake. Ilikuwa na kitambaa cheupe kilichodariziwa maua, chupa ya chai, kikombe kilichofunikwa kwa kisahani, mayai mawili, mkate uliopakwa siagi mpaka pembeni, na sahani ya wali wa jana uliopashwa moto. Mama Ronald aliivuta meza ndogo hadi ikagusa magoti ya mgeni, akaweka trei, kisha akarudi nyuma hatua mbili akasimama kama mhudumu wa hoteli.

"Karibu chai, mgeni wetu."

"Asante mama. Ningekuja mwenyewe huko jikoni."

"Jikoni kuna moshi. Kaa tu upumzike."

Tangu Ijumaa jioni Tabitha alikuwa amepumzika mpaka mgongo unamuuma. Huyu ni binti wa Chekereni, mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kufungulia maji kwenye majaruba ya baba yake, anayebishana na madalali wa mpunga na kuwashinda. Kumwambia apumzike siku tatu mfululizo ilikuwa ni kumfunga kamba.

Lakini si kukaa bure kulikomtoa machozi kwenye kikombe cha chai asubuhi ile. Ni maneno ya Shangazi Bernadetha. Huyu ni shangazi yake Rogath, mchumba wa Tabitha na mwana wa Mama Ronald; anauza parachichi na ndizi soko la Himo, na Alhamisi alimvuta Tabitha pembeni ya meza yake akamwambia bila kupepesa macho:

"Mwanangu, kesho unapanda Kilema kuonwa na wifi yangu. Nikupe siri. Huku kwetu mtu asiyetakiwa hafukuzwi. Anakaribishwa. Mama Ronald akikutuma hata kijiko, umepita. Akikugombeza, furahi, umekuwa mtoto wa nyumbani. Ila ukifika siku ya tatu bado unaletewa trei, funga begi lako ushuke taratibu. Wala usimuulize mtu."

Sasa hii ndiyo siku ya tatu, na trei hii hapa.

Tabitha alikuwa amejitahidi, Mungu anajua. Ijumaa alipofika tu alishika ufagio, ukachukuliwa mkononi mwake kwa tabasamu. Jumamosi alipokusanya vyombo vyake mwenyewe, Mama Ronald alivipokea mlangoni kana kwamba amemwokoa na nyoka. Alipouliza kama wanakwenda kukata majani ya ng'ombe aende nao, aliambiwa kuna tope. Alipotaka kuosha nguo zake mbili aliambiwa maji ni ya baridi, yatamdhuru mtu wa tambarare.

Na mgeni ana taabu zake ambazo hawezi kumwambia mtu. Godoro walilomtandikia lilikuwa jipya, bado limo ndani ya nailoni yake ya dukani, kwa hiyo kila alipogeuka usiku lilipiga kelele nyumba nzima ikajua mgeni kageuka. Vitambaa vya makochi viliteleza kila alipokaa, akawa anavirudisha mgongoni kwa siri. Sauti ya televisheni ilikuwa juu, na rimoti ilikuwa mkononi mwa Mzee Theodory, baba yake Rogath, mzee mpole asiyezungumza ila kumuuliza kila baada ya saa moja, "Wa huko chini hawajambo?" Naye kila baada ya saa moja akajibu kwamba hawajambo. Choo hakikuwa na komeo. Ilimbidi aimbe tenzi za kanisani kwake muda wote aliokuwa humo, ili watu wajue kuna mtu, na mara mbili alimsikia Mzee Theodory akikohoa na kurudi alikotoka.

Yote hayo angeyavumilia na kuyacheka. Kilichomkaa rohoni ni wali. Alipokuja alileta mchele kilo ishirini kutoka kwenye shamba lao, mchele mpya unaonukia, zawadi yake kwa nyumba. Mama Ronald aliupokea kwa mikono miwili akasema, "Aika mae," asante ya Kichaga. Kisha akaanza kumpikia mgeni mchele ule ule, Ijumaa usiku, Jumamosi mchana, Jumamosi usiku. Wao hawakuugusa. Aliula peke yake sebuleni, akisikia kutoka jiko la nje harufu ya ndizi na maharage. Na Mama Ronald, ambaye mkono wake ni wa ndizi, alipika wali kwa maji mengi kama anapika mtori. Kijiko kilisimama chenyewe katikati ya sahani.

* * *

Saa moja na nusu Rogath alifika na pikapu ya gereji anakofanya kazi kuwachukua wazazi wake kwenda misa. Usiku alikuwa akilala kwa baba yake mdogo, ng'ambo ya mfereji, maana Mama Ronald alisema binti wa watu hawezi kulala nyumba moja na kijana kabla ya ndoa. Tabitha alitoka kwa mlango wa pembeni, akiwa na ndala za wageni zilizomwacha kisigino nje, akamkuta amesimama kwenye mibuni.

Rogath alifuta mikono yake kwenye suruali kabla ya kumsalimia. Mikono ilikuwa safi, ilikuwa Jumapili. Alikuwa na mazoea hayo tangu siku ya kwanza, miaka miwili iliyopita, alipoitwa Chekereni kutengeneza pawatila, trekta dogo la mkono, ya baba yake Tabitha iliyokwama kwenye tope la jaruba. Alivua viatu akaingia kwenye maji, akafanya kazi saa nne bila kusema neno, na alipomaliza akafuta mikono mara tatu ndipo akanyoosha mkono kumsalimia yule binti. Tabitha alimpenda hapo hapo, kwa sababu ya ule mfuto wa tatu.

Leo alipouona akataka kulia tena.

"Umelala salama?" Rogath aliuliza.

"Naondoka leo. Nitapanda Noah ya saa nane."

"Tulisema kesho."

"Tulisema mengi, Rogath."

Alimtazama. Rogath ana macho ya mama yake, makubwa na mazito, ila ya kwake hayajui kuficha kitu.

"Kuna mtu amekukosea?"

"Hakuna. Hiyo ndiyo shida. Siku tatu hakuna mtu aliyenikosea hata kidogo. Nyumba gani hiyo?"

Rogath akacheka. Alipoona amecheka peke yake, akanyamaza.

"Mama anakuheshimu, Tabitha."

"Sikuja kuheshimiwa. Mwenyekiti wa kijiji ndiye anayeheshimiwa. Niambie, jana jioni ulikula wapi?"

"Jikoni. Na mama."

"Mlikula nini?"

Rogath alichuma jani la mbuni akalikunja kunja. "Kiburu. Ndizi na maharage tu."

"Na mimi nilikula nini?"

Rogath aliliangusha lile jani.

"Nilisikia mnacheka," Tabitha alisema. "Niko sebuleni na baba yako na taarifa ya habari, nasikia mama yako anaeleza kitu kwa Kichaga na wewe unacheka kile kicheko chako cha shambani. Nikajua kumbe nyumba hii ina kicheko. Ila kinabaki jikoni, na mimi ninaletewa wali."

"Ungekuja."

"Nilikuja! Nilifika mlangoni na sahani yangu. Mama yako akasimama, akaweka kanga vizuri mabegani kama mbele ya mgeni, akaniuliza kama nimekosa chumvi. Na wewe ukanyamaza. Ulikuwa umekaa pale pale, kijiko mdomoni."

"Sasa ningesema nini?"

"Ungesema, mama, mpishe akae."

Mahali fulani juu ya kihamba, shamba la migomba lililozunguka nyumba, ng'ombe wa jirani alilia.

"Umewahi kumuuliza mama yako kama ananitaka?"

"Mama haulizwi maswali namna hiyo."

"Basi mimi nimeshajibiwa."

Alitaka kugeuka. Rogath akamshika mkono, akaushika kama anavyoshika kitu ambacho anaogopa kukivunja, na Tabitha akajikuta amesimama. Alimpenda, hilo halikuwa na mjadala. Angeweza kumpenda katika chumba kimoja cha kupanga Himo, juu ya gereji, mafuta ya mashine yakiwanukia. Lakini dada yake mkubwa aliolewa Same kwenye nyumba ambayo hakutakiwa, na mpaka leo, mwaka wa tisa na watoto watatu, mama mkwe wake humkaribisha kiti kila anapoingia. Hakuwahi kutukanwa hata mara moja. Amekonda kwa kukaribishwa. Tabitha aliapa mbele ya dada yake huyo kwamba yeye hataingia nyumba ya namna hiyo, hata iwe na mwanamume gani ndani yake.

"Nakupenda," Rogath alisema, kwa sauti ya mtu anayesema jambo analolijua.

"Najua. Ila sitaishi maisha yangu yote nikiimba tenzi chooni."

"Nini?"

"Achana nayo. Nenda misa."

Sauti ya Mzee Theodory iliita kutoka barabarani. Rogath aliachia mkono, akarudi nyuma huku bado anamtazama.

"Usiondoke kabla sijarudi. Tafadhali, Tabitha. Saa nane mbali."

Mama Ronald, amejifunga kitenge cha chama cha akina mama wa parokia, alipita karibu yao akatabasamu. "Mgeni wetu, wewe ni wa kanisa la Kilutheri, na la kwenu liko mbali na hapa. Baki upumzike. Tutarudi."

Pikapu ikateremka. Tabitha akabaki peke yake na neno kupumzika.

* * *

Kufunga begi hakukuchukua dakika kumi. Alikunja shuka la wageni, akalilaza juu ya lile godoro la kelele, akalipiga kofi moja la kuagana. Akaweka begi mlangoni. Kisha akaitazama trei.

Wali ulikuwa umepoa na kushikana. Tabitha alikula mayai, akanywa chai, akauangalia ule wali kwa muda, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akashindwa. Akaona si vizuri kuacha vyombo vichafu sebuleni kwa watu. Kama anaondoka, basi angalau trei ya mwisho ataibeba mwenyewe. Hapakuwa na mtu wa kumpokonya.

Akavuka ua akaingia jiko la nje.

Lilikuwa jiko la mbao lenye giza na joto, ukuta wake mweusi kwa moshi wa miaka. Kwenye mafiga palikuwa na sufuria kubwa iliyofunikwa kwa majani ya mgomba, makaa chini yake yakipumua kidogo. Palikuwa na vigoda vitatu vifupi vimezunguka moto. Vitatu, alivihesabu. Kimoja cha mama, kimoja cha Rogath, kimoja cha mzee akichoka na televisheni.

Akaweka trei chini. Akafunua jani.

Kiburu kilikuwa kimeiva na kushikana vizuri, ndizi na maharage hata huwezi kuvitenganisha, na harufu yake ndiyo ile ile iliyomtesa siku tatu. Tabitha hakufikiri. Kama angefikiri asingefanya. Alikaa kwenye kigoda kimojawapo, akachukua mwiko uliokuwa umeegemezwa pembeni, akachota, akala.

Akachota tena. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakujua ni ya moshi au ya kuaga, lakini hayakumzuia kutafuna. Akasema moyoni, angalau nitashuka nikijua walikuwa wanakula nini.

Alikuwa anachota mara ya sita au ya saba mlango ulipotiwa giza.

Mama Ronald alisimama pale, kitenge kimepandishwa hadi kwenye goti, viatu vya kanisani mkononi, miguu ina tope. Alikuwa ametembea kutoka misheni kwa miguu. Alimtazama mgeni wake, akautazama mwiko, akaitazama sufuria.

"Yesu na Maria," alisema.

Tabitha alibaki na mwiko hewani, shavu limejaa.

"Mwiko!" Mama Ronald akalipuka. "Unakula na mwiko! Unatia mdomoni, unarudisha kwenye sufuria, watu wote tule mate yako! Na hata moto hujachochea, unakula kilichopoa kama paka! Nani amekufundisha? Kwenu hakuna sahani? Hebu toa huo mkono!"

Akamnyang'anya mwiko.

Na Tabitha, badala ya kuomba radhi, akaanza kucheka. Alicheka huku analia, kiburu kikiwa bado shavuni, akaziba mdomo kwa kiganja na mabega yakamtikisika.

"Unacheka nini?"

"Samahani mama. Unanigombeza."

"Ndiyo, nakugombeza! Sasa hilo ni la kuchekesha?"

"Ni kwamba... Shangazi alisema ukinigombeza nimepita."

Mama Ronald akashusha mwiko. "Shangazi yupi?"

"Bernadetha."

"Bernadetha amesema nini? Sema yote."

Tabitha akasema yote. Hakubakiza kitu, maana begi lilikuwa tayari mlangoni na hakuona cha kupoteza. Alieleza habari ya kijiko na trei na siku ya tatu. Alipoanza hakujua kusimama, akaeleza na mengine: nailoni ya godoro, ufagio, komeo la choo, tenzi, wa huko chini hawajambo. Akaeleza kicheko cha jana kilichobaki jikoni. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo, "Na mchele ule niliuleta tule wote."

Mama Ronald alikuwa amekaa kwenye kigoda kilichomkabili. Viatu vya kanisani vilikuwa bado mapajani mwake. Alifuta tope kwenye kiatu kimoja kwa kidole gumba.

"Wifi yangu ana mdomo," alisema hatimaye. "Lakini hakudanganya. Ndivyo tunavyofanya."

Tabitha akaanza kuinuka kwenye kigoda.

"Ijumaa sikukutaka. Sitakuficha, umri wangu hauruhusu. Nilitaka msichana wa hapa hapa, wa parokia yetu, anayejua kihamba. Rogath ananiletea Mpare wa kwenye mpunga, Mlutheri. Nikasema sawa, atakula, atapumzika, ataondoka. Ile trei ya Ijumaa nilikuwa ninakuaga."

"Nimekuelewa mama."

"Hujanielewa, nyamaza. Jumamosi mchana nilikuchungulia kwenye pazia. Wali niliokupikia jana mchana, uliobaki sufuriani nilimpa mbwa. Mbwa akaunusa akaondoka. Na wewe wa kwenye sahani yako ulikuwa umeumaliza wote! Ukafuta na sahani kwa kidole. Kwa nini uliumaliza?"

"Kwa sababu ulinipikia."

"Ulikuwa mzuri?"

Tabitha akasita. "Ulikuwa bokoboko, mama."

"Najua! Sijui kupika wali, sijawahi kujua, na siupendi. Nilidhani watu wa Chekereni bila wali mnakufa." Mama Ronald akatikisa kichwa. "Basi jana ile nikaanza kukutaka. Na nilipoanza kukutaka, ndipo nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

Mama Ronald aliinua mkono akaonyesha nyuma ya mlango. Pale palining'inia panga la kukatia majani, mpini wake umefungwa raba.

"Kabla yako kuna Brenda. Mke wa Ronald, mwanangu wa kwanza. Alipokuja mara ya kwanza nilimpa panga lile kabla hajakaa. Mimi mwenyewe mama mkwe wangu alinipa panga nikiwa bado nimevaa viatu vya safari, na nilifurahi mpaka nikaimba njiani. Nikadhani nami ninampa furaha ile. Binti wa watu alikata majani mvuani, akajikata kidole, akarudi akajifungia chumbani. Kesho yake wakaondoka. Ronald akanipigia simu akasema, mama, umemfanya mke wangu kibarua." Alivuta pumzi. "Krismasi sita sasa. Magari yanapanda toka Dar, ya kila nyumba. Gari likipunguza mwendo pale kona natoka nje. Nimetoka nje miaka sita, mwanangu."

Tabitha aliutazama mpini wa lile panga.

"Nikaapa kwamba Rogath akileta wake nikamtaka, hata kijiko hatashika. Trei ya jana jioni na ya leo ni za woga. Leo kanisani padri anahubiri, mimi nawaza yuko peke yake, amekosa nini, nikatoka kabla ya matangazo. Kumbe unakula sufuria yangu."

"Sikutaka kuiba, mama. Nilitaka nijue tu ladha yake."

"Ikoje?"

"Inahitaji moto."

Mama Ronald alimtazama yule binti, uso umelowa, masizi shavuni, ndala za wageni zimemwacha visigino nje. Kitu kikalegea katika uso wake. Akavua kitenge cha parokia, akakitundika kwenye msumari, na chini yake alikuwa na gauni kuukuu lenye kiraka.

"Basi unasubiri nani achochee? Kuni hizo hapo. Si hizo, hizo mbichi! Za nyuma. Na zile ndala uvue, zitaungua, nilizinunua kwa ajili yako na nimekosea saizi."

Tabitha akavua ndala. Akapiga magoti, akapuliza makaa, na moto ukashika kwa pumzi ya pili. Moshi ulimwingia machoni na hakusogea. Nyuma yake akasikia sahani zikihesabiwa kutoka kwenye kabati, moja, mbili, tatu, nne.

Alipoinuka alitembea mpaka nyuma ya mlango akanyoosha mkono kwenye panga.

"Liache," Mama Ronald akasema haraka, na sauti ikamkatika kidogo.

"Ng'ombe hajala, mama. Namsikia."

"Jumapili anakula majani ya mpunga, yapo bandani, Rogath huyaleta toka kwenu. Liache." Akageukia sufuria, akakoroga ambacho hakikuhitaji kukorogwa. "Kesho. Asubuhi mapema. Twende wote wawili, nikuonyeshe mipaka, maana jirani yangu ni mkorofi."

Saa nane ilikuwa bado mbali, lakini Noah ile tayari ilikuwa imepoteza abiria.

* * *

Pikapu ilipanda ikiunguruma kuliko kawaida. Rogath aliingia sebuleni kwa hatua ndefu akaliona begi mlangoni, shuka limekunjwa, kochi tupu. Njia nzima toka misheni alikuwa amepanga maneno, na sasa aliyabeba mbio kupitia uani, baba yake nyuma yake akiuliza kuna moto wapi.

Akasimama kwenye mlango wa jiko.

"Mama," alianza, bila kuangalia nani yumo, maana moshi ulimpofusha, "nimenyamaza siku tatu na nimekosa. Tabitha akiondoka hapa leo, na mimi naondoka naye. Sisemi kwa kukudharau. Nasema kwa sababu ninampenda, na kama hakai jikoni kwako, basi na mimi sikai."

Moshi ukapungua. Tabitha alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu peku, anamenya parachichi. Alimtazama Rogath kutoka chini, na macho yake yalisema mambo ambayo mbele ya wazazi hayasemwi.

"Umemaliza?" mama yake akamuuliza.

"Ndiyo."

"Yalikuwa maneno mazuri. Ungeyasema Ijumaa ningekuheshimu zaidi. Sasa umeziba mwanga, sogea. Na kigoda hakuna, mwenzio amekikalia chako. Tafuta ndoo."

Rogath alifuta mikono kwenye suruali. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Akageuza ndoo akakaa kando ya Tabitha, karibu kuliko inavyostahili mbele ya wakubwa, na hakuna aliyemwambia asogee.

Mzee Theodory alifika mwisho, rimoti bado mfukoni mwa koti la kanisani. Aliangalia sahani nne zilizojaa kiburu, akaangalia rafu ambapo trei ilikuwa imesimamishwa imeoshwa, kitambaa chake cha maua kimeanikwa kwenye kamba uani. Ni mzee wa utaratibu, na jambo lile lilimtatiza.

"Mama Ronald," aliuliza, "mbona trei haijaandaliwa? Mgeni atakula nini?"

Mama Ronald hakuinua kichwa. Alimpa Tabitha sahani ya mzee ili ampelekee.

"Mgeni gani?" alisema.